Mbwa Adimu wa Japani: Kabla ya Kutuma Arubuni



Huenda baadhi yenu mmestaajabu kusikia kwamba watu wa kumlinda mlaji wamekuja kuzungumza habari za mbwa, tena mbwa wa Japani. Tumekuja kwa sababu mbwa hao huuzwa mtandaoni kwa fedha nyingi, mnunuzi akiwa bara moja na mnyama akisemekana yuko bara jingine, na kati yao hakuna kitu ila picha na maneno. Neno lenye kufanya kazi kubwa kuliko yote hapo ni "adimu".

Tuanze na lililo thabiti. Kati ya mwaka 1931 na 1937 serikali ya Japani ilizitangaza aina sita za mbwa wa asili kuwa urithi wa kuhifadhiwa: Akita, Kai, Kishu, Shiba, Shikoku na Hokkaido. Aina nyingine, Koshi, ilitangazwa pia, lakini imekwisha kutoweka. Anayekuuzia Koshi leo anakuuzia jina tu. Shiba naye si adimu hata kidogo, kwani ndiye mwingi kuliko wenzake wote nchini mwake. Wachache kwelikweli ni Kai, Kishu, Shikoku na Hokkaido, mbwa wa wawindaji wa milimani, ambao nje ya Japani ni nadra kuonekana.

Basi uchache huo ndio mtego. Kwa kuwa jirani hana Kai wa kulinganisha naye, mnunuzi huamini alichoandikiwa. Hufungua kurasa kumi, zote zikasema jambo moja, akaona amepata mashahidi kumi. Mara nyingi kurasa hizo zimenakiliana, na shahidi ni mmoja, pengine yule yule muuzaji. Sisi tunashauri mlaji aende kwenye chanzo. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lenye makao yake Ubelgiji, huweka wazi kwenye tovuti yake vigezo vya kila aina inayotambua, bila malipo: kimo, rangi, umbo la masikio na mkia. Nchini Japani kwenyewe kuna Japan Kennel Club, na kuna Nihon Ken Hozonkai, chama kilichoanzishwa mwaka 1928 kuwahifadhi mbwa wa asili.

Kigezo kimoja tu chaweza kuokoa fedha zako. Kai, kwa mfano, ana manyoya ya mistari mistari. Akizaliwa huwa na rangi moja, na mistari hujitokeza kadiri anavyokua. Tangazo la "Kai mweupe" halihitaji uchunguzi zaidi. Au chukueni "mame-shiba", Shiba mdogo anayenadiwa kama aina ya pekee. Neno mame maana yake ni maharagwe, na jina, tukubali, linapendeza. Lakini vyama hivyo viwili vya Japani tulivyovitaja havimtambui kuwa aina mbali. Kwao huyo ni Shiba aliyepungua kimo, na kumlipia bei ya juu kwa ajili ya uhaba ni kulipia maneno.

Baada ya aina, angalieni umri. Sheria ya Japani humkataza mfanyabiashara kumuuza mtoto wa mbwa kabla ya siku 56. Kwa aina sita za asili, mfugaji anayemuuzia mwenye kufuga moja kwa moja anaruhusiwa kuanzia siku 49. Tangu Juni 2022 mbwa lazima awekewe chipu ya utambulisho kabla ya kuuzwa. Zaidi ya hayo, muuzaji hutakiwa kumwonesha mnunuzi mnyama mwenyewe na kumpa maelezo ana kwa ana. Tena nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Tanzania, hudai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kumpokea mnyama, na kwa kawaida chanjo hiyo haitolewi kabla ya mtoto kufikisha takriban miezi mitatu. Kwa hiyo anayekuahidi mtoto wa wiki sita, mwenye hati zote, atakayepanda ndege keshokutwa, amekwisha kujieleza.

Ombeni namba ya cheti cha nasaba na namba ya chipu, kisha mwulizeni aliyetoa cheti, wala si aliyekutumia nakala yake. Ombeni kuzungumza kwa video huku mbwa akionekana pamoja na mama yake. Itafuteni picha ya tangazo kwa kutumia picha yenyewe. Ikijitokeza katika matangazo matatu yenye majina matatu, mmepata jibu.

Ulaghai huu hauishii kwenye arubuni. Hufuata ada ya kizimba cha ndege, kisha bima, kisha "karantini", kila moja ikisemekana itarudishwa. Kibali cha kuingiza mnyama hutolewa na idara ya mifugo ya nchi anakopelekwa. Ulizeni huko kabla ya kulipa chochote kwa jina lake.

Aliyekwisha kutuma fedha asitume nyingine ili kuzikomboa za kwanza. Aipigie simu benki au kampuni ya simu siku hiyo hiyo na kuomba muamala uzuiwe, ahifadhi ujumbe wote, picha na namba za malipo bila kufuta hata kimoja, kisha atoe taarifa polisi.