Kapu la Udongo na Chungu cha Maji

Wazee wa bonde la mto Luapula, kaskazini mwa Zambia, wana kisa walichorithishana kwa vizazi vingi. Husimulia kwamba mwanamke mmoja, jina lake Nachituti, alifiwa na mwanawe, aliyeuawa na kaka yake mwenyewe mama huyo, chifu Nkuba, aliyekuwa mwenye nchi ya ufukwe wa ziwa Mweru. Nachituti alimwendea Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, akamwomba amtendee haki. Haki ilipokwisha kutendeka, mama huyo alimkabidhi mtawala huyo kapu la udongo na chungu cha maji. Udongo ulikuwa ni nchi kavu. Maji yalikuwa ni ziwa na mabwawa yake, Mofwe ikiwa mojawapo.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa ili kueleza nani alipata kuwa mwenye nchi na mwenye maji. Lakini kina fundisho la pili. Kapu na chungu havikutolewa kwanza, haki ikafuata. Haki ilitangulia, ndipo mamlaka yakakabidhiwa. Aliyevipokea alipokea dhamana, na mwenye dhamana hana budi kuulizwa ameitunzaje. Leo tuzungumze juu ya kuulizwa huko.

Mtu asimamaye asubuhi katika soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge, huona riziki ya ufukwe mzima imetandazwa mbele yake. Wako samaki wakubwa wa nyavu, na wako samaki wadogo waitwao chisense, wanaofanana na dagaa wetu, ambao huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, wakaanikwa juani, kisha wakasafirishwa hadi miji ya migodi ya Copperbelt na ng'ambo Kongo. Mbele ni ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 5,000, ambalo Zambia na Kongo zimegawana. Ndani ya maji hayo viko visiwa vya Kilwa na Isokwe, ambako mgonjwa, mwalimu na mfuko wa saruji vyote hufika kwa chombo. Makao makuu ya serikali yako Lusaka, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Katika mahali kama hapo serikali haijulikani kwa hotuba. Mvuvi huijua serikali kwa mambo machache: zahanati ina dawa au haina; barabara inapitika masika au haipitiki; na ifikapo tarehe 1 Desemba, anaambiwa avute nyavu zake.

Tuanze na hilo la nyavu. Kila mwaka, tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, sheria ya Zambia hukataza uvuvi katika ziwa Mweru ili samaki wapate kuzaliana. Nia ya sheria hiyo ni njema, tena ina ushahidi wa historia. Wazee wa Luapula wanamkumbuka mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa wakati wa kuzaa, na ambaye alikwisha kabisa kuwa riziki ya maana katikati ya karne iliyopita, kwa kuwa alivuliwa kwa nyavu katika safari hiyo hiyo ya uzazi. Hapana mvuvi mwenye akili asiyejua maana ya jambo hilo.

Hata hivyo, malalamiko ya wavuvi wa upande wa Zambia ni ya miaka mingi. Husema kwamba wao wakiwa wamekaa nchi kavu, taa za wavuvi huonekana upande wa pili wa ziwa. Husema kwamba nyavu hukamatwa, lakini hawaelezwi zimekwenda wapi, wala faini zilizotozwa zimefanya kazi gani. Hapa ndipo sheria njema inapopoteza heshima yake. Mwananchi aliyeambiwa akae njaa miezi mitatu kwa ajili ya manufaa ya wote anastahili kupewa hesabu mwezi wa nne: samaki wameongezeka au hawakuongezeka, waliokamatwa ni wangapi, na mazungumzo na jirani wa ng'ambo yamefikia wapi. Asipopewa, ataiona sheria kuwa ni adhabu tu, na mwaka utakaofuata atavua usiku.

Ndugu wasikilizaji, si kwamba serikali za nchi zetu hazikupata kulichunguza jambo hili la kuwasogelea wananchi. Zimelichunguza mara nyingi. Mwaka 1972, Zambia ilipokea ripoti ya jopo lililoongozwa na Simmance, lililotumwa kutazama namna ya kushusha madaraka hadi wilayani. Mwaka huo huo, hapa Tanzania, tulianza Madaraka Mikoani. Halmashauri zilivunjwa, na maofisa wa serikali kuu wakapelekwa mikoani na wilayani. Nia ilikuwa kumpa mwananchi sauti. Lakini ofisa aliyeshushwa kutoka makao makuu aliendelea kutoa hesabu kwa makao makuu, kwa sababu huko ndiko ulikotoka mshahara wake na cheo chake. Halmashauri za wilaya zilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, zikaanza kazi tena mwaka 1984, na mwaka huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzivunja lilikuwa kosa ambalo asingelirudia.

Wenzetu wa Zambia nao walizunguka njia kama hiyo. Sheria ya mwaka 1980 iliunganisha chama na halmashauri. Sheria ya mwaka 1991 ikavitenganisha. Sera ya kugawa madaraka ilitolewa mwaka 2002, ikarekebishwa mwaka 2013. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2016 iliwapa wananchi haki ya kumchagua wenyewe mwenyekiti wa halmashauri yao. Karatasi, kwa hiyo, hazikukosekana. Kilichokosekana ni fedha kuyafuata madaraka hayo.

Mwaka 2022 fedha zilifuata. Mfuko wa maendeleo wa jimbo, uliokuwa kwacha milioni 1.6 kwa kila jimbo la uchaguzi mwaka 2021, ulipandishwa kwa mara moja hadi kwacha milioni 25.7. Kufikia mwaka 2025 ulikuwa milioni 36.1. Mgawanyo wake uliwekwa wazi: asilimia 60 kwa miradi ya jamii, kama vile madarasa, zahanati na visima, asilimia 20 kwa vikundi vya vijana na akina mama, na asilimia 20 kwa karo za wanafunzi wa bweni na mafunzo ya ufundi. Mapendekezo yalitakiwa kuanzia katika kamati za maendeleo za kata. Kwa wilaya ya wavuvi, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini mwaka wa kwanza ulifundisha somo. Orodha za miradi zililazimika kupanda hadi wizarani Lusaka ili zipate idhini, na fedha nyingi zikachelewa kutumika. Baadaye idhini hiyo ilishushwa mikoani. Hayo yalikuwa maendeleo, maana darasa la kisiwani lisingoje saini ya mtu asiyekijua kisiwa. Hata hivyo, kadiri saini inavyokaribia kijiji, ndivyo jicho la kijiji linavyopaswa kukaribia saini hiyo. Bila jicho hilo, tutakuwa tumehamisha upungufu wa makao makuu na kuupeleka wilayani.

Je, jicho hilo huwekwaje? Uganda inao mfano ambao wachunguzi wa mambo ya serikali wameurejea mara nyingi. Katika mwaka 1996, shule za msingi 250 zilipitiwa ili ijulikane fedha za matumizi ya shule zilizotolewa na serikali kuu zilifika kiasi gani. Ilionekana kwamba, kati ya mwaka 1991 na 1995, kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu ya fedha hizo. Sehemu kubwa ilikwama wilayani. Serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika mlangoni kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wapo wataalamu waliosema baadaye kwamba tangazo la gazeti peke yake halikufanya kazi hiyo yote, kwa kuwa katika miaka hiyo hiyo Uganda ilibadili pia taratibu nyingine za fedha. Ni kweli. Lakini hata wao hawakusema kwamba mzazi akae gizani.

Wako watu watakaosema kwamba mwananchi wa kijijini hajui kusoma hesabu. Hoja hiyo haina nguvu. Mama anayenunua chisense ufukweni na kuwauza Copperbelt huhesabu bei ya gunia, nauli ya lori, ushuru wa soko na hasara ya mvua, tena bila karatasi. Mtu huyo hawezi kushindwa kuelewa ubao usemao: zahanati hii ilitengewa kwacha kadhaa, mjenzi amelipwa kadhaa, na bati zilizonunuliwa ni kadhaa. Atazihesabu bati hizo yeye mwenyewe.

Wako pia wasemao kwamba maswali mengi huchelewesha kazi. Kazi huchelewa zaidi pale jengo linapofikia linta, mjenzi akatoweka, na fedha zikawa zimekwisha. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufanya kazi ya lazima, na ripoti yake huwafikia wabunge. Lakini hufika baada ya mwaka kwisha. Mkaguzi wa kwanza awezaye kulizuia kosa kabla halijatendeka ni yule apitaye mbele ya jengo kila siku akienda ziwani.

Kwa hiyo, mambo matatu yanafaa kushikwa, kule Nchelenge na huku kwetu pia. Kwanza, fedha ikishuka, tangazo lake lishuke nayo, katika lugha inayosemwa sokoni. Pili, mkutano wa kusoma mapato na matumizi usiwe hisani ya kiongozi. Sheria zetu za Tanzania zinautambua mkutano mkuu wa kijiji. Basi uitishwe kwa wakati wake, na atakayeuliza swali asionekane mkorofi. Tatu, jawabu liwe na matokeo. Kiongozi akiulizwa bati zilipo, na zikakosekana, hapana budi jambo hilo limfikishe mahali fulani. La sivyo, watu watachoka kuuliza, na kuchoka huko ndiko hasara kubwa kuliko zote.

Ndugu wasikilizaji, Nachituti alitoa kapu na chungu kwa sababu alitendewa haki. Wananchi wa leo hutoa kura, kodi na ushuru. Mvuvi wa Mweru hutoa hata miezi mitatu ya jasho lake. Baada ya kutoa hayo yote, kuuliza si utovu wa adabu. Ni kutazama tu kama udongo ungali ndani ya kapu, na kama chungu hakivuji.