Mtoto Asiyepata Maziwa ya Ng'ombe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wazazi)



Nataka kusema nanyi juu ya mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, naye kwao hakuna ng'ombe. Mama wengi huuliza, "Sina ng'ombe, wala sina fedha za kununua maziwa kila siku, mtoto wangu atapata wapi nguvu?" Jibu langu ni hili: maziwa ya ng'ombe ni chakula chema, lakini sicho chakula pekee kijengacho mwili.

Mwaka 1935 daktari mmoja, Bibi Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo huitwa Ghana, aliandika habari za ugonjwa uitwao kwashiorkor. Jina hilo ni la lugha ya watu wa Ga, na maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto anapozaliwa mdogo wake. Watu wale walikuwa wameona vema. Mtoto huachishwa ziwa upesi, akapewa uji wa mahindi mtupu. Uji humshibisha, lakini haumjengi. Uso na miguu huvimba hata jirani akadhani amenenepa; nywele hugeuka rangi; mtoto hunyamaza, hataki kucheza. Mzazi aonaye dalili hizo asingoje kesho, ampeleke hospitali.

Basi tufanye nini? Kwanza, ziwa la mama lisiachwe mapema. Yafaa mtoto anyonye hata atimize miaka 2 na zaidi. Katika mwaka wa pili maziwa ya mama yaweza kumpa kadiri ya theluthi moja ya nguvu anazohitaji.

Pili, uji na ugali visiliwe vitupu. Omena wakavu waoshwe, wakaangwe bila mafuta, kisha wasagwe pamoja na mifupa yao wawe unga. Kijiko cha unga huo ndani ya uji huimarisha damu na mifupa. Maharagwe, kunde na ndengu vipikwe hata vilainike, vipondwe. Karanga zisagwe, mtoto asipewe karanga nzima, maana zaweza kumkaba, na zenye kuvu zitupwe. Mchicha au sukuma wiki ukatwe mdogo mdogo, utiwe mafuta kidogo. Kipande cha papai au chungwa baada ya chakula husaidia mwili kupokea madini ya damu. Lakini chai ya rangi huyazuia, wala haiwezi kushika mahali pa maziwa.

Tatu, tumbo la mtoto ni dogo. Haba na haba hujaza kibaba: alishwe mara 3 au 4 kwa siku, na katikati apewe ndizi au kiazi kitamu. Tena awe na sahani yake mwenyewe. Akila sinia moja na kaka zake, mikono yao ni myepesi kuliko wake, wala mama hawezi kujua amekula kiasi gani.

Wako pia watoto ambao maziwa ya ng'ombe huwadhuru, wakatapika au kutokwa na vipele. Mama wa mtoto kama huyo aende kliniki apate shauri, wala asihuzunike, kwani vyakula nilivyotaja vitamfaa mwanawe pia.

Mabwana, neno hili ni lenu vilevile. Katika nyumba nyingi kuku hutaga, mayai yakauzwa sokoni, na fedha zikanunua sukari na majani ya chai. Hata yanapobaki, hupewa baba au mgeni. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka 5, watoto 18 walikuwa wafupi kuliko ilivyopasa umri wao. Mtoto akidumaa katika miaka yake 2 ya kwanza, ni vigumu sana kuurudisha urefu aliopoteza.

Basi leo jioni, kabla hamjaketi kula, kila mmoja aitazame sahani ya mtoto wake. Akiona uji mtupu, na aulize: yai la leo limekwenda wapi?