Wa Juu Asimsahau wa Chini: Haki ya Maji katika Mto Pangani

(Muhadhara uliotolewa msikitini, Korogwe)

  

Ndugu zetu katika imani, kila kiangazi kinaporefuka, sisi waalimu huulizwa ni lini tutatoka kusali Sala ya Istisqaa. Ni swali jema, kwani kuomba mvua ni Sunna iliyothibiti. Lakini leo tunapenda kuanza na swali linalolitangulia: yale maji ambayo Mwenyezi Mungu ameshatupa, tumeyafanyia nini?

Tuutazame mto wetu. Mto Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na Kilimanjaro. Mto Ruvu hutokea upande wa Ziwa Jipe, ambalo nusu yake iko Kenya na hupokea maji ya Mto Lumi yanayopitia Taveta. Mito hii miwili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huteremka hadi Korogwe, Hale na hatimaye bahari ya Hindi. Ni safari ya takriban kilomita 500. Njiani humo wamo wakulima wa mifereji, wafugaji, wavuvi, mashamba makubwa na mitambo ya umeme. Mchaga, Mpare, Mmasai, Mzigua na Msambaa, wote wanakunywa katika chombo kimoja.

Maji yanapopungua juu, aliye chini ndiye anayeonja uchungu wake. Kule Pangani mjini, mto unapokosa nguvu, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuingia katika ardhi ya wakulima. Katika ukame wa 2005 na 2006 mabwawa yalipungua hata nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Mwanzoni mwa 2022 mifugo mingi ilikufa kwa ukame huko Simanjiro. Haya si mambo ya kuhadithiwa. Wapo miongoni mwetu walioyaona kwa macho yao.

Uislamu haukuliacha jambo hili bila ya hukumu. Imepokewa katika Sunan Abi Daud kuwa Mtume (S.A.W.) aliwahesabu watu kuwa ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Na katika bonde la Mahzur, Madina, alihukumu kuwa mwenye shamba la juu azuie maji mpaka yafikie vifundo vya miguu, kisha amwachie wa chini yake. Tuzingatie hukumu hii. Wa juu amepewa haki ya kutangulia, lakini haki yake imewekewa mpaka. Kutangulia si kumiliki. Na katika Hadithi sahihi aliyoipokea Imamu Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama ni yule aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri.

Sasa tujihesabu. Wapo kati yetu wanaosali safu ya mbele, kisha usiku huenda kufungua mfereji katika zamu ya jirani. Wapo wanaolima mpaka ukingoni mwa mto, ilhali Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Wapo wanaokata miti ya vyanzo, ilhali sehemu kubwa ya maji ya Kilimanjaro hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na misitu yake. Haya tusiyaite ujanja. Ni dhulma, na aliyedhulumiwa pengine yuko mbali nasi na hatujui hata jina lake.

Na sisi waalimu tusijitoe. Siku moja tuliweka ndoo chini ya bomba la madrasa yetu wanafunzi wakitawadha. Mtoto mmoja alimaliza udhu wake na ndoo ya lita 10 imekaribia kujaa. Tuliona haya, kwani sisi ndio tuliomfundisha. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani takriban theluthi mbili ya lita, kama alivyopokea Anas (R.A.) katika Bukhari na Muslim. Ama Hadithi mashuhuri ya kukatazwa israfu hata kwenye mto unaopita, wanavyuoni wameizungumzia isnadi yake. Lakini hii ya mudi inatutosha.

Basi tufanye nini? Kwanza, udhu msikitini uwe kwa kopo au birika, na bomba linalovuja lirekebishwe siku hiyo hiyo. Pili, tuvune mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hivyo paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 10, hutiririsha lita 2,000, nasi tunaziacha zipotee. Tatu, tujiunge na jumuiya za watumia maji, tuheshimu zamu na vibali vya Bodi ya Bonde, na tuzibe mifereji inayovuja ardhini. Nne, aliyechukua zamu ya mwenzake aende akamtake radhi kabla hatujatoka kuomba mvua, kwani toba ya haki ya mja haikamiliki mpaka haki irejeshwe.

Hapo ndipo tutoke uwanjani na kuinua mikono, hali ya kuwa hakuna jirani anayetushitakia kwa Mola wetu.

Ewe Mola wetu, tuteremshie mvua yenye manufaa isiyo na madhara, na utujaalie tuwe waaminifu katika kile ulichokwisha kutupa. Aamin.