MAMA MUUZA SAMAKI AHOJIWA, VIGOGO WAPITA

Haya ndiyo niliyowaambia vijana wenzangu Jumapili, chini ya mwembe. Msomaji ambaye hukuwapo, keti nawe usikie.

Ndugu zangu, mama yangu anauza samaki. Alipokwenda kufungua akaunti, benki moja ilimrudisha mara tatu. Mara picha, mara barua ya mtendaji, mara aeleze hela anaipata wapi. Akawanyoshea vidole vinavyonuka samaki: "Si hapa?"

Waliomhoji wana sababu. Agosti 7, 1998 mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 220. Gaidi hununua gari, hupanga nyumba, na hela yake huacha nyayo. Ndiyo maana mwaka 2006 tulitunga Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu.

Sasa sikieni kioja. Mwaka wa fedha 2005/06 (mimi hata shule sijaanza) Benki Kuu ilikuwa na akaunti ya EPA, ya kulipia madeni ya zamani ya ng'ambo, ya enzi nchi haina dola. Wakaja wajanja: mdai wa Ulaya ametuuzia deni lake, tulipeni sisi. Makampuni 22 yakalipwa sh. bilioni 133! Wakaguzi wa Ernst & Young wakakuta 13 kati yake yalitumia hati za kughushi, yakachota zaidi ya sh. bilioni 90. Gavana Daudi Ballali aliondolewa Januari 2008. Wachache walifikishwa mahakamani.

Hakuna aliyevunja kufuli pale. Ni karatasi, mhuri na sahihi. Barua moja tu kwa yule mdai wa ng'ambo, kumwuliza kama kweli ameuza deni, ingetosha. Nani alimzuia karani asiiandike?

Oktoba 2022 chombo cha kimataifa cha FATF kilituweka kwenye orodha ya kijivu, nchi zenye udhaifu wa kuzuia fedha haramu. Tumetoka Juni 2025. Vizuri. Lakini daftari la wenye makampuni hasa, si wale wa kuazima majina, liko BRELA na halikufunguliwa kwa umma. Mlalahoi anaanikwa, mwenye kampuni anafunikwa. Mwulizeni mbunge wenu kwa nini.

Mama akaunti aliipata, safari ya nne. Ina sh. 40,000.