Nyasi Ni za Nani? Programu za Kuainisha Data na Ardhi ya Kilosa

Programu ya kuainisha data hupokea lundo la picha, sauti au maandishi na kukipa kila kipande jina kutoka kwenye orodha iliyoandaliwa kabla. Sifa zote humwendea anayeandika programu. Aliyeandaa orodha hatajwi. Jioni hii nataka kumjadili huyo wa pili, lakini haki itendeke kwanza kwa programu yenyewe. Katika Hifadhi ya Serengeti kamera zinazopiga picha zenyewe zilikusanya mamilioni ya picha, na kwa miaka mingi watu wa kujitolea walizipitia moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia picha milioni 3.2, ulionyesha kwamba programu iliyofunzwa kwa majibu ya watu hao inaweza kutambua aina 48 za wanyama kwa usahihi unaozidi asilimia 93. Hifadhi ya Mikumi, inayokatizwa na barabara kuu ya Morogoro–Iringa ambako wanyama hugongwa na magari, ina kila sababu ya kuitamani zana kama hiyo. Nyumbu ni nyumbu, apite Serengeti au Mikumi. Jina lake halitegemei nani anamiliki majani anayoyala.

Ardhi ni habari nyingine. Mwaka 2021 Shirika la Anga la Ulaya lilitoa ramani ya dunia nzima inayoonyesha hali ya mwaka 2020 kwa vipande vya mita 10, iliyotengenezwa na programu kutokana na data za setilaiti za Sentinel. Orodha yake ina makundi 11. Limo kundi la theluji na barafu, na limo la kuvumwani, mambo ambayo mkazi wa Kimamba, wilayani Kilosa, hana haja nayo. Malisho hayamo. Shamba lililopumzishwa halimo. Uwanda wa Mkata unaanzia ndani ya Hifadhi ya Mikumi na kuendelea nje yake kuelekea vijiji vya wafugaji, na kwa setilaiti nyasi za pande zote mbili zinaakisi mwanga uleule. Kwa sheria, upande mmoja ni ardhi ya hifadhi na wa pili ni ardhi ya kijiji. Mashamba ya zamani ya mkonge yaliyoota vichaka huitwa vichaka tu, hata kama hati ipo kabatini. Watengenezaji wenyewe walikadiria usahihi wa ramani hiyo kwa jumla kuwa takriban asilimia 74, nao hawakuahidi kwamba ingesema lolote kuhusu haki ya mtu.

Hatari inaingia pale ramani inapokutana na sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inapofafanua ardhi ya jumla, yaani ile isiyo chini ya kijiji wala hifadhi, inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Nani anaamua kwamba haitumiki? Afisa mwenye ramani iliyoandikwa "nyasi" amekwisha kupewa nusu ya jibu, ingawa mfugaji aliyehamisha ng'ombe wake kwa msimu anaitumia ardhi hiyo kwa namna yake. Kilosa inajua gharama ya majibu ya haraka: Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji.

Nitaambiwa kwamba setilaiti hupita kila baada ya siku chache, na kwamba mfululizo wa picha za miaka kadhaa utatenganisha shamba lililopumzishwa na pori. Nakubali, tena kwa furaha, ila programu haitajifunza tofauti hiyo mpaka mtu wa kijijini aioneshe. Pingamizi zito zaidi ni kwamba binadamu naye ana upendeleo, na kamati ya kijiji yenye wakulima watupu inaweza kumfuta mfugaji kwenye ramani bila kompyuta yoyote. Ni kweli. Lakini kamati inaweza kuhojiwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ilhali kosa la ramani hupita kimya likiwa limevaa rangi nzuri. Kwa hiyo programu itoe rasimu, na mkutano huo uwe na uwezo wa kuongeza kundi jipya, siyo kusahihisha mipaka pekee. Kazi hiyo ifanywe mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, kwa kuwa miombo hupukutisha majani na ng'ombe huhama. Na usahihi utangazwe kwa kila kundi peke yake, ili malisho yaliyokosewa yasifichwe na misitu iliyopatiwa.