Asili ya Jalebi: Hotuba Kabla ya Chakula cha Maadhimisho



Tumepewa dakika chache kabla ya chakula, nasi twajua kwamba hakuna msemaji awezaye kushindana na harufu ya samli. Basi tutasema juu ya hicho hicho kilichomo karaini.

Katika vikao vya matayarisho baadhi ya vijana wetu walitoa hoja kwamba jalebi isiandaliwe mwaka huu, kwa kuwa wamesoma kwamba asili yake si ya Kihindi. Hoja hiyo haikutuudhi, ilistahili jibu.

Walichosoma ni kweli. Jina lenyewe linatoboa siri: Waarabu husema zalabia na Wairani husema zulbia. Ibn Sayyar al-Warraq wa Baghdad aliieleza zalabia katika kitabu chake cha mapishi cha karne ya 10. Hadi leo, kuanzia Iran hadi Tunisia na Algeria, ni kitamu cha kufuturia mwezi wa Ramadhani.

Lakini tutazame ilivyopokewa kwetu. Mnamo mwaka 1450 mwandishi wa dini ya Kijaini, Jinasura, aliitaja jalebi miongoni mwa vyakula vya karamu iliyoandaliwa na mfanyabiashara tajiri. (Wafanyabiashara wenzetu mliomo humu msijivune sana.) Kabla ya mwaka 1600 kitabu cha Kisanskriti kiitwacho Gunyagunabodhini kilikwisha kueleza vipimo na upishi wake, na upishi ule haupishani na wa leo. Kitu kilichokaa katika Kisanskriti kwa zaidi ya miaka 400 chaombewaje kibali cha ukazi? Pilipili nayo ililetwa India na Wareno kutoka Amerika, wala hatujasikia mtu akiomba iondolewe jikoni.

Na mikono ya jikoni kwetu imeifanya kuwa yetu. Unga mweupe wa ngano huchanganywa na mtindi, ukaachwa usiku kucha uumuke. Hapo ndipo penye siri. Uchachu huo huleta ukali kidogo unaopunguza utamu, na hewa iliyomo ndani ya unga huifanya jalebi iwe na uwazi kama bomba, ili shira ipate pa kuingia. Anayefanya haraka akatia hamira ya unga badala ya kungoja hupata umbo, asipate ladha. Kisha mpishi huukamua unga kupitia tundu la kitambaa, akizungusha mkono juu ya samli ya moto, pete ndani ya pete. Shira yenye zafarani na iliki yapasa iwe vuguvugu na ivutike uzi mmoja baina ya vidole viwili. Ikiwa nyepesi jalebi hulegea, ikiwa nzito huganda nje tu.

Wabengali huiita jilapi, Wanepali jeri. Sisi Wagujarati huila pamoja na fafda siku ya Dussehra, chumvi na sukari katika sahani moja, na foleni za asubuhi hiyo madukani Ahmedabad ni ndefu ajabu.

Huku Afrika Mashariki Waswahili wana neno zalabia, walilolipata kwa Waarabu. Nalo neno letu mithai, lenye maana ya vitamu kwa jumla, limekuwa mitai huko Kenya, nayo huuzwa barabarani na watu ambao hawajapata kuingia hekaluni. Pepo za kaskazi zilizoleta majahazi ya babu zetu ndizo zilizoleta majahazi ya Muscat.

Kwa hiyo kamati imekubali, na vijana wale wale waliotoa hoja ndio waliokoroga unga jana usiku. Wapishi wetu wamezeeka, na mikono yao yahitaji warithi: atakayetaka kujifunza kukamua afike jikoni baada ya aarti ya jioni. Sasa wazee watangulie mezani, maana jalebi haingoji.