Alhamisi Saa Nane: Wastaafu Mezani

Maneno haya yalitolewa na mwalimu mstaafu mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili waliokutana Moshi kuzungumzia huduma kwa wazee. Tumeyafupisha kidogo tu.



Nimeombwa nizungumzie huduma kwa wazee. Mimi si mtaalamu. Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, nikastaafu nilipotimiza miaka 60 kama sheria inavyotaka, na tangu mwaka 2017 ninakula chakula cha mchana na wenzangu kila Alhamisi. Hilo ndilo ninalolijua, na ndilo nitakalolisema.

Tulianza watu watano: walimu wawili, karani wa chama cha ushirika, dereva wa lori na fundi wa karakana ya reli. Tulikuwa kwenye foleni ya benki siku ya pensheni, tukagundua kwamba siku hizi tunaonana misibani tu. Dereva akasema, "Basi tuonane kabla hatujazikana." Alhamisi iliyofuata tukakaa kwa mama lishe mmoja pale Mbuyuni, tukala mtori.

Mambo mengine tulijifunza kwa kufukuzwa. Mwanzoni tulikuwa tunakwenda saa saba, wakati watu wa maofisini wanapofurika. Wazee watano wanaokalia meza saa nzima kwa chai ya rangi ni hasara kwa mwenye mgahawa, na tuliambiwa hivyo bila kufichwa. Tukahamia saa nane, wafanyakazi wakisharudi kazini, chakula kimebaki cha kutosha na mama naye amepata nafasi ya kukaa. Pia tunazunguka: wiki hii Mbuyuni, wiki ijayo Majengo, nyingine Kiboriloni, ili asiwepo mmoja ambaye kila siku ndiye anayetembea mbali na magoti yake mabovu. Wenye migahawa wameshatuzoea. Wenye sukari na wenye presha wanawekewa mchicha kwa wingi na chumvi kidogo bila kuomba. Na mtori, kwa wale mnaopanga vyakula vya wazee katika semina zenu, hauhitaji meno.

Tunazungumza nini? Bei ya mbolea, watoto walioko Dar es Salaam, nani kafa. Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya miaka mingi, yule fundi alitueleza habari za breki za mabehewa Alhamisi tatu mfululizo mpaka tukamwomba apumzike.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa, ambalo si la kujivunia.

Tulikuwa na kanuni moja: kila mtu ajilipie. Tuliipenda sana kanuni hiyo. Tulisema inatuletea heshima, hakuna mfadhili wala ombaomba mezani. Miaka michache baadaye yule fundi akaanza kuagiza chai peke yake. Akisema, "Nimeshashiba nyumbani," sisi tunamtania kwamba mke wake anampenda kupita kiasi. Kisha akaacha kuja. Tukasema atakuwa amekwenda kwa binti yake Dar. Hakuna aliyempigia simu. Mimi mwenyewe nilikuwa na namba yake mfukoni.

Aliyeuliza ni mama lishe wa Majengo. Alhamisi moja alishika sufuria mkononi akasema, "Yule babu wa chai ya rangi mbona simwoni? Huu ni mwezi wa pili." Tulitazamana. Siku hiyo hiyo tulikwenda nyumbani kwake Pasua, tukamkuta kitandani na kidonda mguuni. Alikuwa na sukari, na hakuwa amemwambia mtu. Alikatwa vidole viwili. Muuguzi alituambia kwamba angefika mapema, huenda vingepona.

Baadaye alitueleza taratibu. Pensheni yake yote ilikuwa inakwenda kwa ada na sare za wajukuu watatu ambao baba yao alifariki. Hakutaka kulipiwa. Akasema, "Mkinilipia mara moja, mara ya pili sitakuja." Kwa hiyo kanuni yetu nzuri ndiyo iliyomfukuza, na tendo la huruma nalo lingemfukuza vilevile.

Ilituchukua wiki kadhaa kupata njia. Sasa tunaagiza chakula cha aina moja kwa wote, awe na nyingi awe na kidogo. Kabla ya kuondoka kikapu kinazunguka kikiwa kimefunikwa kitambaa, kila mmoja anaingiza mkono na kuweka alichonacho, au asiweke kitu. Anayehesabu ni mwenye mgahawa. Mara tatu fedha zilipungua. Alituambia jumla tu, na Alhamisi iliyofuata kikapu kikafidia. Fundi amerudi, anatembea kwa fimbo. Anachoweka kikapuni sikijui wala sitaki kukijua.

Kikapu hicho kimeleta na wengine. Maana ukisema "wastaafu" hapa kwetu unazungumzia wachache. Wazee wengi hawakuajiriwa kamwe, na mkulima hastaafu. Zanzibar wanayo pensheni ya jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi tangu mwaka 2016, huku Bara bado. Leo tuko kumi na mmoja, wakiwemo wakulima wawili wa migomba na wajane watatu. Wajane ndio waliochelewa zaidi kujiunga. Walisema mgahawani ni mahali pa wanaume, tena nani atabaki na wajukuu? Tukawaambia waje nao. Alhamisi zetu sasa zina kelele.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Niliposoma nilimfikiria mtu mmoja tu, aliyekuwa umbali wa dakika ishirini kwa miguu kutoka mezani kwetu.

Wajumbe wa kamati, mnayo orodha ya wagonjwa wa kutembelewa, nami naiheshimu. Lakini mtu huingia kwenye orodha hiyo akishalala kitandani. Nawaomba muwe na daftari jingine, la wasioonekana. Waulizeni mama lishe, muuza magazeti, kinyozi. Wao wanajua kabla yenu.

Na wafadhili wetu, msitujengee ukumbi. Ukumbi utatutoa mgahawani, utahitaji mlinzi, na funguo zitakuwa kwa mwenyekiti. Msitupe fulana wala bango. Kama mna kitu, wapo wazee wanne ninaowafahamu wasioweza kufika kwa miguu, na nauli ya bajaji kwenda na kurudi inawashinda. Mpeni dereva mmoja mwaminifu fedha hizo moja kwa moja, na wao msiwaandikishe fomu.

Alhamisi hii tuko Kiboriloni. Njooni saa nane, si saa saba.